Mzani Bila Futi Kamba

Mama mdogo alipanda mzani na mkoba wake begani. Ilikuwa jioni, kituo cha daladala kimejaa, na kijana mwenye mzani hakuwa na muda wa kumwambia autue wala avue viatu. Akasoma kilo 74. Akamsogeza kwenye ule mti wenye alama za sentimita, akashusha kibao mpaka kikagusa kilemba, akasoma 160. Akabonyeza simu yake apate BMI, ule uwiano wa uzito na urefu, halafu akatangaza kwa sauti iliyosikika foleni nzima: "BMI yako 28.9, mama. Umezidi kidogo tu, hujafika pabaya." Mama mdogo akalipa, akanigeukia. "Umesikia, mwanangu? Kidogo tu. Na wewe ulivyonisumbua mwezi mzima!"

Kesho yake asubuhi, kabla hajanywa chai, nilimbembeleza tupime upya. Akasimama ukutani peku, kilemba kimevuliwa, visigino na mabega vimegusa ukuta, macho mbele. Nikamwekea daftari gumu kichwani, upande wake mmoja umebana ukutani, nikachora alama ya penseli chini yake. Mama mdogo ni fundi cherehani, kwa hiyo futi kamba haikutafutwa mbali. Kutoka sakafuni hadi kwenye alama zilikuwa sentimita 155. Soli za viatu zilikuwa zimempa tatu na kilemba mbili. Kisha tukaazima mzani kwa jirani, akapanda na kanga tu: kilo 72.5.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Unachukua uzito kwa kilo, unaugawa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mita 1.55 mara 1.55 ni 2.4025. Gawanya 72.5 kwa hiyo, unapata 30.2. Tazama kilichotokea hapo. Mkoba na viatu vilimwongezea kilo moja na nusu, na bado BMI ya kituoni ilitoka ndogo kuliko ya nyumbani, kwa sababu zile sentimita tano za uongo zinaingia kwenye hesabu mara mbili. Kosa dogo la urefu lina nguvu kuliko kosa dogo la uzito. Ndiyo maana mtu anayejipima kwa urefu aliouandika kwenye fomu ya kitambulisho miaka ishirini iliyopita, au kwa urefu anaoutamani, anapata namba ya kumfurahisha tu.

Namba ya nyumbani ilimvusha mama mdogo mpaka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima mwenye chini ya 18.5 ana uzito pungufu, kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 uko sawa. 25 hadi chini ya 30 ni uzito uliozidi. Na kuanzia 30 unaitwa unene uliokithiri, au kama wataalamu wetu wa lishe wanavyosema, kiribatumbo. Jana jioni alikuwa "amezidi kidogo tu". Leo asubuhi ana kiribatumbo. Mwili ni uleule, moyo ni uleule, ini ni lilelile. Alinitazama kama niliyemtukana, na nilimwelewa kabisa.

Nimeandika habari za lishe kwa miaka kadhaa sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: BMI yangu ni kadhaa, je, niko salama? Watu wanataka namba iwape hukumu, na BMI haikuundwa kwa kazi hiyo. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, lakini kila ninapopita naona tunakitumia kama cha kumalizia. Mtaani, maofisini kwenye zile siku za kupima afya, hata zahanati, mtu anapewa namba, anaambiwa yuko sawa au hayuko sawa, anashuka, anapanda mwingine.

Kanuni hii haikuzaliwa hospitali. Aliyeibuni alikuwa Mbelgiji, Adolphe Quetelet, mwanafalaki na mwanatakwimu aliyezaliwa Ghent mwaka 1796 na kuanzisha kituo cha kutazama nyota cha Brussels. Alizoea kuchukua vipimo vingi vya nyota moja na kutafuta wastani wake, kisha akaupeleka mtindo huo kwa binadamu. Alitaka kumjua "mtu wa wastani". Miaka ya 1830, katika vipimo vya watu wa Ulaya, aliona kwamba kwa watu wazima uzito hupanda takriban kwa kipeo cha pili cha urefu. Basi. Hakuwa anatafuta mnene wala mwembamba, wala hakuwa na mgonjwa mbele yake.

Karne ya ishirini kampuni za bima za maisha za Marekani zikatengeneza majedwali yao ya uzito na urefu, maana zilitaka kujua nani atakufa mapema ili zimtoze zaidi. Majedwali yalikuwa mengi na yaligongana. Mwaka 1972 mtafiti Mmarekani Ancel Keys na wenzake walichukua vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, zikiwemo Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini, wakashindanisha kanuni mbalimbali. Ile ya Quetelet ikashinda kwa kiasi kidogo, nao wakaipa jina tunalolitumia leo. Wanawake hawakuwemo. Na Keys hakudai kwamba amepata kipimo kamili. Alichosema ni kwamba kinafaa angalau sawa na vingine vya aina yake, tena kwa kulinganisha makundi ya watu.

Hata ile mipaka inayotutia hofu imechorwa na mikono ya watu, na imewahi kusogezwa. Mpaka mwaka 1998 Marekani ilihesabu uzito umezidi kuanzia 27.8 kwa mwanamume na 27.3 kwa mwanamke. Mwaka huo ikashusha hadi 25 kwa wote, iende sawa na Shirika la Afya Duniani. Mamilioni ya Wamarekani walilala wakiwa wa kawaida wakaamka wamezidi, bila kula hata kipande cha mkate. Mwaka 2004 wataalamu wa shirika hilo walikubali kwamba watu wa Asia hupata sukari na magonjwa ya moyo wakiwa na BMI ya chini kuliko Wazungu, wakapendekeza hatua zianze kuchukuliwa kwenye 23, na hatari kubwa ihesabiwe kuanzia 27.5. Uingereza sasa inatumia 23 na 27.5 hizohizo kwa raia wake wenye asili ya Asia ya Kusini, Uarabuni, Afrika na Karibi. Kwa hiyo Mtanzania mwenye BMI ya 24 anaambiwa yuko sawa akiwa Temeke. Akihamia London, anaambiwa ajihadhari.

Baada ya kuyajua haya wapo wanaosema tukitupe kipimo chenyewe. Siwaungi mkono. Hesabu ya Quetelet inapotumika kwa umma mzima inasema kweli nzito. Utafiti wa afya na idadi ya watu unaofanywa nchini Tanzania kila baada ya miaka michache uliwapima wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mwaka 2004-05 waliokuwa na BMI ya 25 na zaidi walikuwa asilimia 18. Mwaka 2010 wakafika 22. Mwaka 2015-16 wakafika 28. Kenya, utafiti kama huo wa mwaka 2014 ulikuta 33. Vilemba na viatu haviwezi kueleza mwendo huo. Ni mwendo wa nchi inayotoka shambani na kuingia kwenye viti vya ofisi na viti vya bodaboda, inayokula chipsi mayai saa tatu usiku na kushushia soda. Bila kipimo rahisi cha namna hii tusingeuona.

Kuuona umma ni kazi moja, na kumwona mtu ni nyingine. Kwa mtu mmoja mmoja, hasa kwa wanaume wetu, naona kipimo hiki kinaleta hasara kubwa zaidi pale kinapotuliza roho kuliko pale kinapotisha.

Shemeji yangu ana urefu wa mita 1.70 na kilo 70. BMI yake ni 24.2. Alipimwa kwenye zoezi la afya kazini, akawekewa alama ya vema, akaambiwa aendelee hivyohivyo. Ni mtu wa miguu myembamba, mikono ya kawaida, shingo ya kawaida, na mbele kuna kitambi ambacho familia nzima tulikizoea kiasi kwamba hatukukiona tena. Wajomba zake wanavyo, wakubwa wake wa kazi wanavyo. Miaka miwili baadaye alianza kuamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, na kiu haikuisha hata akinywa jagi zima. Alipopimwa ilikuwa sukari. Kilichomuumiza zaidi, aliniambia mwenyewe, ni ile alama ya vema. "Shemeji, mimi nilipima. Niliambiwa niko sawa."

Nilimwomba ruhusa, nikampima kiuno. Alicheka. "Kiuno changu najua, 34, ndiyo suruali ninayovaa siku zote." Inchi 34 ni kama sentimita 86, na kweli suruali ilimkaa vizuri kwa sababu ilifungwa chini ya kitambi, pale kwenye nyonga, mahali ambapo hakuna hatari yoyote ya kupima. Futi kamba ikipita mahali panapostahili, katikati ya ubavu wa mwisho wa chini na mfupa wa nyonga, ilisoma 97. Baina ya suruali na ukweli zilikuwa sentimita kumi na moja, zote za mafuta ya tumbo, na mzani haukuwa na njia ya kuyajua.

Mafuta yote si sawa. Yaliyo chini ya ngozi, ya mapaja, makalio na mikono, kwa sehemu kubwa yanatulia yalipo. Yaliyo ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo, ini na kongosho, hayatulii. Yanamwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini; ini linajaa, insulini inayoshusha sukari inapoteza nguvu, sukari inabaki kwenye damu, presha nayo inapanda. Watu wawili wenye kilo 70 na urefu mmoja wanaweza kuwa na BMI ileile kabisa, mmoja uzito wake uko kwenye misuli na mapaja, mwenzake uko kwenye kitambi. Hesabu ya Quetelet inawaona kama pacha. Ini linajua tofauti.

Kuhusu kiuno kiwe kiasi gani, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliweka sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na kwa watu wa kusini mwa Sahara likasema tuazime namba za Wazungu hadi zetu zitakapopatikana. Zilipopatikana, zilikuja na habari. Uchambuzi wa vipimo vya watu zaidi ya 24,000 wa kusini mwa Sahara ulionyesha kwamba kwa wanaume wetu hatari huanza mapema zaidi, kwenye sentimita 81 hivi, karibu sawa na wanawake. Mwanamume anayengoja 94 ndipo ashtuke anaweza kuwa amechelewa kwa sentimita kumi na tatu. Asiyetaka kukariri namba achukue kipimo kinachotumika sasa hata Uingereza: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Shemeji wa sentimita 170 anatakiwa awe chini ya 85. Chukua kamba ya katani, pima urefu wako, ikunje mara mbili, izungushe kiunoni bila kubana tumbo, baada ya kutoa pumzi kama kawaida. Ncha zisipokutana, una jambo la kwenda kuzungumza na daktari. Hapo huhitaji simu wala betri.

Wapo watu ambao BMI haiwahusu kabisa au inawahusu kwa masharti. Mjamzito asipimwe nayo. Uzito wake unafuatwa kliniki kwa njia nyingine. Mtoto ana chati zake za umri na jinsia, na mdogo wa miezi sita hadi miaka mitano ana ule utepe wa mkononi wa rangi tatu, mwekundu chini ya sentimita 11.5. Kuli wa bandarini na mbeba magunia wa Kariakoo wanaweza kusoma 27 na wote ikawa misuli. Mzee hupungua urefu na misuli kwa pamoja, kwa hiyo namba yake inaweza kukaa palepale huku mwili umebadilika wote.

Kuna kundi lingine ambalo sisi wa ukanda huu tunapaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Waturkana na Wasamburu wa Kenya, na Wadinka wa Sudan Kusini, wana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi kwa kulinganisha. Uzito wa binadamu uko zaidi kwenye kiwiliwili. Mguu unaongeza sentimita nyingi kwa kilo chache. Mtu mwenye umbo hilo anaweza kusoma 18 naye ana afya, anachunga, anatembea kutwa. Ukitumia mpaka wa 18.5 bila kufikiri, unaweza kutangaza kwamba nusu ya kijiji ina njaa siku ambayo haina. Wanaoshughulikia njaa wamejifunza kupima mzunguko wa mkono wa juu, ambao haujali urefu wa miguu. Kanuni iliyotoka kwenye miili ya Wabelgiji ilifika Lodwar, kwa Waturkana, ikakuta miili ya namna nyingine.

Nimeanza na wanene, lakini kwetu hofu ya zamani ilikuwa kukonda, na hofu hiyo bado inatawala vinywa vyetu. Ukirudi kijijini kutoka mjini unasalimiwa kwa "umenawiri, mji umekukubali". Ukirudi umepungua, watu wanashusha sauti. Tulikuwa na maneno ya kumdhihaki mwembamba, kimbaumbau mwiko wa pilau, kabla hatujawa na neno la kumwonya mnene. Kisha UKIMWI ukaja. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kabla jina la kitabibu halijawafikia watu wa huko waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiingia kwa biashara ya mpakani na Uganda. Waganda wao waliuita slimu, kwa sababu ulikuwa unakondesha. Kizazi kizima kilijifunza kwamba kupungua ni kufa. Mwanamke aliyeona dada zake wakiisha hivyo huwezi kumwambia leo kwamba apungue kilo tano na ukategemea asikie neno la afya. Anasikia neno jingine. Nimekaa na akina mama wanaosema waziwazi kwamba wanajua BMI yao imezidi, lakini wakipungua mtaa utawasema.

Ninaitaja historia hii kwa sababu wenye kupima hawaitaji. Wanatoa namba, wanatoa karatasi ya "punguza vyakula vya mafuta", wanashangaa kwa nini mtu harudi.

Na mambo yamegeuka hata huko kwenye kliniki za wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Zamani muuguzi alipima uzito na urefu akiogopa kukuta chini ya 18.5, ili ampe mgonjwa chakula dawa. Siku hizi watu wanaotumia dawa wanaishi miaka mingi, na kuna suala jipya. Utafiti uliofanyika Johannesburg na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba dawa zenye dolutegravir, ambazo ndizo zinazotumika kwa wengi sasa, huja na kuongezeka uzito, hasa kwa wanawake. Hiyo si sababu ya mtu yeyote kuacha dawa hata siku moja. Dawa hizo ndizo zinazomweka hai. Ni sababu ya yule muuguzi kuwa na futi kamba mezani karibu na mzani, na kupima sukari na presha bila kungoja mgonjwa aombe.

Upande mwingine kuna wembamba wanaoamini sukari ni ugonjwa wa matajiri wanene. Mwaka 2025, kwenye mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya sukari inayohusiana na lishe duni, inayowapata vijana wembamba, mara nyingi walionyimwa chakula tangu utotoni. Hao BMI yao iko chini. Anayetazama mzani tu hatawatafuta kamwe.

Basi nini kifanyike? Madaktari wenyewe wameanza kusogea. Juni 2023 Chama cha Madaktari wa Marekani kilitangaza kwamba BMI isitumike peke yake. Januari 2025 tume ya wataalamu iliyoandika katika jarida la Lancet ilipendekeza kwamba mtu asihesabiwe kuwa na kiribatumbo kwa BMI pekee. Kipimo kingine cha mwili, kama kiuno, kithibitishe, isipokuwa kwa wale wenye BMI iliyozidi 40 ambao hakuna haja ya ubishi. Tena ikatenganisha aliye na mafuta mengi lakini viungo vyake bado vinafanya kazi vizuri, na yule ambaye moyo, magoti, ini au pumzi vimeshaanza kudhurika. Wa kwanza anahitaji kufuatiliwa na kushauriwa. Wa pili ni mgonjwa, apewe tiba kama mgonjwa mwingine yeyote, bila kulaumiwa kwa ulafi.

Mimi nasema hilo linatufaa kuliko linavyowafaa wao. Wenzetu wana mashine za kupiga picha ya mafuta. Sisi tuna mafundi cherehani kila mtaa, na futi kamba ni kati ya vifaa vya bei nafuu kabisa dukani. Kituo cha afya ambacho hakina mashine ya ultrasound hakiwezi kusema hakina uwezo wa kununua futi kamba. Kwenye vituo nilivyotembelea, uzito hupimwa kila mara, urefu mara mojamoja, na kiuno karibu hakipimwi. Wakati mwingine sababu inayotolewa ni aibu: muuguzi wa kike amzungushie mwanamume futi kiunoni? Lakini fundi anafanya hivyo kila siku, na hakuna anayeona haya. Mteja anaweza kuizungusha mwenyewe, muuguzi asome.

Jambo la mwisho ambalo namba inatunyima ni kuona faida ndogo. Marekani kulifanyika jaribio kubwa la kuzuia kisukari, matokeo yake yakatoka mwaka 2002. Washiriki walikuwa na sukari iliyoanza kupanda, na wastani wa BMI yao ulikuwa 34. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kutembea tu kwa haraka kulitosha. Kundi hilo lilipata kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko wale ambao hawakupewa lengo wala dawa. Sasa piga hesabu: 34 ukitoa asilimia 7 ni 31.6. Kwa jedwali, mtu huyo bado ana kiribatumbo. Angepanda mzani wa kituoni, kijana angemtangazia foleni nzima kwamba hali mbaya, na angekuwa tayari amejiondolea zaidi ya nusu ya hatari.

Kwa mama mdogo, asilimia 7 ni kilo tano. Ingemfikisha kwenye 67 na kitu, BMI ya 28, "umezidi kidogo tu", ileile aliyoshangilia siku ile akiwa na mkoba begani. Sikumwambia awe na kilo 60 ambazo jedwali linamtaka awe chini yake kwa urefu wake. Nilimweleza habari ya kiuno. Akachukua futi kamba shingoni mwake, akajizungushia mwenyewe, akashusha pumzi, akasoma 96. Nusu ya urefu wake ni 77 na nusu. Alikaa kimya muda, kisha akafungua lile daftari anamoandika vipimo vya wateja, mabega, mkono, urefu wa gauni, akaandika tarehe na jina lake kama mteja mwingine yeyote, na mbele yake: kiuno 96.

Sukari yake tuliipima wiki hiyohiyo. Ilikuwa ya kawaida, presha ilikuwa imepanda kidogo. Aliacha kuweka sukari kwenye chai, vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, na akaanza kushuka daladala vituo viwili kabla ya kwake. Mzani wa jirani hakurudi kuuazima. Juzi nilipita kuchukua shati, nikalikuta daftari wazi mezani. Chini ya mistari ya wateja wa sikukuu, jina lake lilikuwa limerudi mara tatu: 95, 94, 92.